Chombo cha Mbizi Kilichoko Kwetu Samail



Nilipoombwa kuandika habari za kitu cha zamani cha ukoo wetu, wengi walidhani nitataja mitende ya fardhi au falaji. Mimi nimechagua kitu cha bahari, ingawa mji wetu hauna bahari. Ni regulata ya kuzamia aliyokuja nayo marehemu baba, Mungu amrehemu, kutoka Unguja. Miaka mingi ilikaa kashani pamoja na vyeti vyake, na sisi watoto tukidhani ni spea ya gari.

Regulata hupunguza nguvu ya hewa iliyoshindiliwa mtungini, ili mpiga mbizi aipate kwa kadiri ya pumzi yake. Wazamia lulu wa Ghuba hawakuwa nayo. Walishuka kwa pumzi moja, kibanio puani na jiwe mguuni. Mwaka 1864 Wafaransa wawili, Benoît Rouquayrol na Auguste Denayrouze, walikwisha tengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kila avutapo, lakini hewa ilipigwa pampu kutoka juu, naye akafungika kwa mpira.

Wakati wa vita vikuu vya pili petroli ilikuwa adimu, na mhandisi Émile Gagnan alikuwa na valvu ya kuendeshea magari kwa gesi. Mwaka 1943 yeye na Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, waliigeuza iwe ya kuzamia. Walipoijaribu katika mto Marne, Cousteau akisimama wima hewa ilimwagika ovyo. Akiinamisha kichwa ilikuwa nzito kuvuta. Sababu ni kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na pale hewa inapoingilia, na msukumo wa maji huzidi kila unaposhuka. Wakayaweka mahali pamoja, nyuma ya shingo, mambo yakatengenea. Ndiyo maana ya baba ina mipira miwili: mmoja huleta hewa, wa pili hurudisha pumzi nyuma.

Yake ni Mistral, aina iliyotoka Ufaransa mwaka 1955. Aliitumia bandarini Unguja kutafutia nanga zilizopotea na kufungulia kamba zilizozonga rafadha.

Nilipostaafu niliifungua. Siku ya kwanza nilikosea. Niliroweka kasha lake la shaba katika siki ili kutoa kutu ya kijani, nikalisahau mpaka alfajiri. Shaba ikageuka rangi ya waridi, na alama ile haitoki. Baada ya hapo nikatumia maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Sikutia mafuta ya mashine, kwani hula mpira na ni hatari penye hewa ya nguvu; nilipaka grisi ya silikoni kidogo tu. Kiwambo kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma. Nilikibadilisha, na mipira yote miwili vilevile. Vile vya asili nimevihifadhi.

Mpwa wangu, mwenye leseni ya uzamiaji, alikodi mtungi Maskati, tukaijaribu katika birika la shamba, maji yakimfika kifuani. Alipoinama, mapovu yalitoka nyuma ya shingo, si mdomoni. Dada yangu mkubwa, ambaye peke yake kati yetu alipata kumwona baba akizama, akasema, "Ndivyo hivyo," kisha akajifuta macho kwa mtandio.

Mpwa wangu akaomba aende nayo baharini. Nimemkatalia. Mimi si fundi aliyesomea, na chombo hiki kimebeba roho ya mtu. Kosa langu la siki latosha. Hakufurahi, lakini ametii.

Basi naomba kila nyumba yenye chombo cha kazi kilichotoka Afrika Mashariki iandike nani alikitumia, wapi, na kwa kazi gani. Vyeti vya baba havikutaja mbizi hata mara moja. Habari za zile nanga na kamba nimezipata kwa dada yangu, naye sasa ana miaka 78.

Wabillahi taufiq.