Mwalimu wa Pugu Katika Baraza la Kutunga Sheria

Julius Kambarage Nyerere alianza kufundisha Pugu mwanzoni mwa 1953, katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, wakati huo shule ya mapadre wa Roho Mtakatifu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe. Hakuwa mwanasheria, ingawa sheria ya katiba ilikuwa miongoni mwa masomo yake Edinburgh. Mwishoni mwa juma alishuka Dar es Salaam kwa miguu, zaidi ya kilometa 20, kwa shughuli za chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na baada ya Julai 7, 1954, za TANU, chama kilichochukua nafasi yake.

Mwaka huohuo wa 1954 aliteuliwa kwa muda kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaacha kazi. Ulikuwa uamuzi mzito kwa baba mwenye familia changa na asiye na mshahara mwingine.

Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua tena, pamoja na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Rashidi Kawawa. Nyerere alikaa miezi michache tu. Mapendekezo yake yalikuwa yakikataliwa moja baada ya jingine, na Desemba akajiuzulu. Kiti kisicho na nguvu ya kubadili jambo hakukiona kuwa na heshima, na hapo ndipo msimamo wake kama mtunga sheria unapoonekana wazi kuliko katika hotuba yoyote.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza ulikuja Septemba 1958, kwa masharti magumu. Mpiga kura alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa umekubali kwa shida kushiriki kura hiyo tatu. Nyerere aligombea Jimbo la Mashariki, lililojumuisha Kisarawe na eneo la Kibaha ya leo. Mpinzani wake, Patrick Kunambi, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Nyerere alipata kura 2,600 na ushei, Kunambi 800 na ushei.

Wiki chache kabla ya kura hizo alikuwa kizimbani, akishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika gazeti la Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili wa Uingereza aliyewahi kuwa mbunge huko na aliyemtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, Kenya, akisaidiwa na mawakili K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey. Alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa, akarudi kwenye kampeni.

Baada ya uchaguzi wa 1960, TANU ilipotwaa viti 70 kati ya 71, aliongoza serikali hadi uhuru, Desemba 9, 1961, Baraza lilipokuwa Bunge. Mwaka 1963 kituo cha elimu kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordic kilifunguliwa Kibaha, katika ardhi iliyokuwa jimbo lake.