Mama Albertina Sisulu: Muuguzi, Mke na Mama (1918–2011)

Historia ya miaka 100 ya usharika haikamiliki kwa majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa peke yao. Katika Tanzania Injili ilitembea pamoja na zahanati, na mara nyingi mtu aliyegongewa mlango usiku hakuwa mchungaji bali muuguzi. Wengi wa wauguzi hao walikuwa mabinti wa wakulima, waliolijua jembe kabla ya kuijua sindano. Waliolewa, wakazaa, wakalea, huku wakikesha wodini kwa ajili ya watoto wa wengine. Majina yao ni machache sana vitabuni.

Sura hii inawaheshimu kwa kusimulia maisha ya mwenzao mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri, Mama Albertina Nontsikelelo Sisulu wa Afrika ya Kusini. Hakuwa Mlutheri wala Mtanzania. Lakini kazi yake iliigusa Tanganyika mara tu ilipopata uhuru, na maisha yake yanauliza swali linalowahusu wauguzi wote wenye familia: mama anapowahudumia wengine, nani anawatunza watoto wake?

Kuzaliwa na Malezi

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, katika nchi ya Transkei. Wazazi wake walimwita Nontsikelelo, yaani Mama wa Baraka. Mwaka ule homa kali ya mafua ilikuwa ikiua watu wengi duniani, na mama yake aliugua homa hiyo akiwa mjamzito. Alipona, lakini afya yake haikurudi kuwa kama zamani.

Baba yake, Bonilizwe Thethiwe, alikuwa mmoja wa wanaume wengi wa Transkei walioyaacha mashamba mikononi mwa wake zao na kwenda kufanya kazi migodini. Kwa hiyo Nontsikelelo alikulia Xolobe, nyumbani kwa babu na bibi mzaa mama. Kwa kuwa mama yake alikuwa dhaifu, msichana huyu ndiye aliyewabeba mgongoni wadogo zake, na zaidi ya mara moja aliacha masomo ili awatunze. Alipoanza shule ya misheni ya Kipresbiteri alitakiwa, kama desturi ya shule hizo ilivyokuwa, kuchagua jina la Kizungu. Akachagua Albertina.

Mwaka 1929 baba yake alifariki. Kabla ya kufa alimwomba binti yake awatunze wadogo zake na kuiweka familia pamoja. Albertina alikuwa na umri wa miaka 11 tu, lakini aliahidi. Ahadi hiyo aliichukua kwa uzito kiasi cha kuamua kwamba hataolewa, ili mshahara wake wote uwaendee nduguze.

Elimu na Wito

Kwa sababu ya miaka aliyoipoteza nyumbani, Albertina alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzake. Aliposhinda nafasi ya kulipiwa masomo ya sekondari alinyimwa kwa sababu ya umri wake. Walimu wake hawakukubali. Waliandika gazetini, na mapadri wa Kikatoliki waliosoma habari hiyo wakamtafutia nafasi katika chuo cha Mariazell, karibu na Matatiele. Aliingia huko mwaka 1936. Ada ililipwa, lakini chakula na malazi ilimbidi avilipie kwa jasho lake. Wenzake walipokwenda likizo, yeye alibaki akilima mashamba ya misheni na kufanya kazi ya kufua nguo.

Huko aliingia katika Kanisa Katoliki, na akafikiri kuwa mtawa, kwa kuwa alikwisha kuamua kutoolewa. Padri Bernard Huss alimshauri kwa upole na kwa busara. Alimkumbusha kwamba mtawa hapokei mshahara, naye alikuwa na wadogo wa kuwasomesha. Uuguzi ungemlipa tangu siku za mafunzo. Wako wanaodhani kwamba wito wa kweli haujali fedha. Katika habari hii, hesabu ya mshahara ndiyo iliyomwonyesha binti huyu njia, kwa sababu nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na watoto wenye njaa.

Mwaka 1940 alianza mafunzo katika hospitali ya wasio Wazungu mjini Johannesburg. Hapo alikutana uso kwa uso na ubaguzi wa rangi. Ilipotokea ajali kubwa, majeruhi Waafrika walilazwa sakafuni, na wodi za Wazungu hazikufunguliwa kwa ajili yao.

Ndoa na Familia

Mwaka 1941 alifahamiana na Walter Sisulu, kijana wa chama cha African National Congress, yaani ANC. Walter alimwahidi kwamba wadogo zake watakuwa watoto wao wote wawili, na hivyo nadhiri ya kutoolewa ikapata jibu lake. Walifunga ndoa Julai 1944, na Nelson Mandela alikuwa msimamizi wa bwana harusi. Siku hiyo Anton Lembede, rafiki yao, alimwonya bibi harusi kwamba mume anayemchukua amekwisha kuoa taifa.

Mungu aliwajalia watoto watano. Pamoja nao waliwalea watoto wa ndugu zao, wote katika nyumba ndogo ya Orlando, Soweto. Mama mkwe wake, Bibi Alice, aliishi nao na kushika malezi kila muuguzi alipokuwa kazini. Mwaka 1954 Albertina alihitimu ukunga. Akiajiriwa na idara ya afya ya jiji la Johannesburg, alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, mkoba wa vifaa vya ukunga kichwani, akizalisha kwa mwanga wa mshumaa au taa ya mafuta.

Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria kupinga sheria ya kuwalazimisha wanawake Waafrika kubeba pasi. Mwaka 1958 alikamatwa kwa sababu hiyo hiyo na kukaa gerezani majuma matatu, mtoto wake wa mwisho akiwa hajatimiza mwaka.

Wauguzi Ishirini

Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na wauguzi wengi Waingereza wakaondoka. Wodi zilibaki bila watu. Serikali mpya iliomba msaada kwa ANC, na wauguzi 20 Waafrika wakakubali kuja. Mama Sisulu alikuwa mmoja wa waliowatafuta na kuwaandalia safari, na kazi hiyo ilifanywa kwa siri. Waliondoka wakijua kwamba huenda wasiwaone tena wazazi wao.

Ikumbukwe kwamba Soweto yenyewe ilikuwa na uhaba wa wauguzi. Waliotoa hawakutoa ziada yao. Wako Watanzania waliopokelewa duniani na mikono ya akina mama hao, na baadhi yao waliitumikia nchi hii kwa miaka mingi.

Kanisa nalo halikukaa kimya daima. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais wake. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini ni jambo la ukiri wa imani, wala si jambo la siasa tu.

Miaka ya Upweke

Mwaka 1963 Mama Sisulu alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekwa kizuizini kwa sheria iliyoruhusu mtu kufungiwa siku 90 bila mashtaka. Alikaa peke yake chumbani. Maaskari walimwambia kwamba mtoto wake yu mgonjwa sana, wakitumaini kwamba moyo wa mama utavunjika na kutoa siri za mume wake. Hakusema. Juni 1964 Walter alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela na wenzao, akapelekwa kisiwa cha Robben.

Tangu hapo aliishi takriban miaka 18 chini ya amri za serikali zilizomkataza mikutano, na kwa muda mrefu zilimkataza hata kutoka nyumbani usiku. Lakini kila asubuhi alivaa sare na kwenda kliniki. Jioni alishona na kufuma ili kuongezea mshahara. Kwa kuwa alikataa watoto wake wafundishwe elimu duni iliyotungwa kwa ajili ya Waafrika, aliwapeleka kusoma Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Hilo lilikuwa jema kwao, lakini liliitawanya familia aliyoahidi kuiweka pamoja. Mwanawe Max alikwenda uhamishoni. Binti yake Lindiwe alifungwa kisha naye akaondoka. Zwelakhe, mwandishi wa habari, alikaa kizuizini miaka miwili.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Si haki kuyasimulia maisha haya kana kwamba hayakuwa na hasara. Watoto wa nyumba ile walilipa sehemu ya gharama ya huduma ambayo hawakuichagua wao.

Uzee na Mwisho wa Safari

Baada ya kustaafu kazi ya jiji alijiunga na kliniki ya Daktari Abu Baker Asvat huko Soweto. Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mmoja wa marais wa UDF, umoja wa vyama vilivyopinga ubaguzi. Januari 1989 Daktari Asvat aliuawa kwa risasi ndani ya kliniki, Mama Sisulu akiwa kazini humo humo. Oktoba mwaka huo Walter aliachiliwa, baada ya miaka 26. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 75, binti wa Xolobe aliingia Bungeni, naye ndiye aliyelitaja jina la Mandela ili achaguliwe kuwa Rais.

Walter alifariki Mei 2003 mikononi mwa mke wake. Mama Sisulu alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa kando ya mumewe.

Fundisho kwa Usharika

Swali la mwanzo sasa lina jibu. Watoto wa muuguzi huyu walitunzwa na Bibi Alice, na ndugu, na majirani wa Orlando. Bila wao, mkoba ule usingetoka mlangoni. Ndivyo ilivyo katika kila usharika. Tabitha wa Yafa alililiwa na wajane aliowashonea nguo, nao walizionyesha nguo hizo. Usharika unapowashukuru wauguzi wake, uwaite pia bibi aliyebaki na mtoto, mume aliyepika uji, na binti mkubwa aliyewabeba wadogo zake mgongoni usiku mama alipokuwa zamu. Na kwa wauguzi walio kazini leo, shukrani haitoshi. Wanawake wa usharika waulizane, kabla jua halijatua, ni nyumba ya nani ambayo mama yake hatalala humo usiku huu.