Aliou Cissé: penalti ya Bamako, kombe la Yaoundé

Mashabiki wa Tanzania na Kenya wanamkumbuka Aliou Cissé kwa rasta zake na kwa mabao matano. Katika AFCON ya 2019 kule Misri, vijana wake wa Senegal waliichapa Taifa Stars 2-0, kisha Harambee Stars 3-0. Enzi zake uwanjani zimesahaulika.

Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1976, akakulia Ufaransa. Alikuwa kiungo mkabaji: ananyang'anya mpira, sifa wanachukua wengine. Alichezea PSG, Birmingham City na Portsmouth.

Mwaka 2002 ulimzidi. Februari, jijini Bamako, fainali ya AFCON dhidi ya Kamerun iliisha bila bao. Nahodha Cissé akapiga penalti ya mwisho ya Senegal, kipa akaipangua. Mei 31, kule Seoul, akaongoza kikosi kilichoifunga Ufaransa, bingwa wa dunia, 1-0. Septemba meli ya Joola, ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar, ikazama na kuua watu zaidi ya 1,800. Baadhi yao walikuwa ndugu zake.

Machi 2015 alikabidhiwa timu ya taifa, na lawama hazikuchelewa: kikosi kina Sadio Mané, mbona kinacheza kwa woga? Kombe la Dunia la 2018 kilitolewa makundi kwa sababu ya kadi za njano tu, kikiwa kimelingana na Japani kwa pointi na mabao. Mwaka 2019 kikapoteza fainali kwa Algeria, 1-0.

Baada ya michuano hiyo Tanzania iliachana na Emmanuel Amunike, Kenya ikaachana na Sébastien Migné. Senegal ikabaki na Cissé. Ni kweli, aliyefika fainali halingani na aliyeishia makundi. Lakini nchi ngapi zingemvumilia mtu aliyekosa kombe akiwa mchezaji, akalikosa tena akiwa kocha?

Februari 6, 2022, katika fainali ya AFCON jijini Yaoundé, Misri ilikazana hadi dakika 120, 0-0. Mané, aliyekosa penalti mapema mchezoni, akafunga ya mwisho: 4-2, kombe la kwanza la Senegal. Wapo wanaosema Mané alimwokoa kocha. Sikubaliani nao. Timu ile ilikaba kama Cissé alivyokuwa akikaba, na ilichukua miaka saba kuijenga.

Aliondoka Oktoba 2024. Mwaka uliofuata akaenda kuifundisha Libya, ambayo haijawahi kutwaa kombe hilo.