Mbegu Iliyokaa Stoo Miaka 17

Kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa la Como, kuna mji unaitwa Lecco. Mwaka 1972 vijana sita wa huko waliunda bendi wakaiita Biglietto per l'Inferno, yaani Tiketi ya Kwenda Jehanamu. Katika nchi ya Wakatoliki jina hilo peke yake ni uchokozi. Nimechagua kuandika juu yao kwa sababu albamu yao ya pili iliitwa Il tempo della semina, maana yake Wakati wa Kupanda. Walipanda kweli, ila mavuno yalichelewa mpaka wapandaji wenyewe wakawa wametawanyika.

Kwanza tuelewe zama zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Italia walishikwa na aina ya roki iliyokataa wimbo wa dakika tatu. Wimbo ulikuwa na sehemu nyingi, kama rumba yetu inavyotoka kwenye kuimba polepole ikaingia sebene, ila wao walichanganya gitaa la umeme na vinanda vya kanisani na muziki wa kale wa Ulaya. Bendi za Kiingereza zilipendwa kule kuliko kwao: Van der Graaf Generator walifika kileleni mwa chati za Italia mwaka 1972 na albamu yao Pawn Hearts, huku Uingereza ikiwapita tu. Waitaliano nao wakajibu kwa lugha yao. PFM wa Milano na Banco del Mutuo Soccorso wa Roma wote walitoa albamu zao za kwanza mwaka huohuo wa 1972.

Vijana wa Lecco walikuwa na wapiga vinanda wawili, na mwimbaji wao, Claudio Canali, alipiga pia filimbi. Albamu ya kwanza ilitoka 1974 kwa kampuni ndogo iitwayo Trident. Ilikuwa na nyimbo chache, mmoja ukipita dakika kumi. Mwingine unaitwa Confessione, yaani Maungamo. Bendi ikarudi studio, ikarekodi albamu ya pili. Kisha Trident ikafunga milango, na santuri haikutoka.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama muziki ulisharekodiwa, si wangeutoa tu wenyewe? Kumbe haikuwa rahisi hivyo. Siku zile kurekodi ilikuwa hatua ya kwanza tu. Kutoka kwenye kanda ya studio, sauti inachongwa kwenye sahani laini, sahani hiyo inazaa mhuri wa chuma, mhuri unakandamiza plastiki ya moto kiwandani, ndiyo santuri inapatikana. Halafu kuna jalada, kuna magari, kuna maduka. Kila hatua ina bili yake. Na plastiki yenyewe inatokana na mafuta, ambayo bei yake ilipaa mwishoni mwa 1973, hadi serikali ya Italia ikapiga marufuku watu kuendesha magari yao Jumapili. Mwanamuziki alimiliki kipaji chake, lakini njia yote kutoka studio hadi sikioni mwa mtu ilikuwa mali ya wengine. Kampuni ikifa, wimbo unabaki stoo kama mzigo ambao mwenyewe hana risiti.

Bendi ikavunjika. Mpiga kinanda mmoja, Giuseppe Banfi, aliendelea na muziki wa elektroniki peke yake. Canali, mwimbaji wa Tiketi ya Kwenda Jehanamu, alikuja kuwa mtawa. Roki ile ikapitwa na wakati. Lakini wakusanyaji wa santuri, Wajapani wakiwa mstari wa mbele, wakaanza kuzitafuta zile albamu za Kiitaliano zilizouzwa kidogo. Japani ikazichapa upya baadhi yake katika miaka ya 1980. CD nayo ikapunguza gharama: kampuni ndogo ingeweza kutoa nakala chache bila kufilisika. Ndivyo kampuni ya Mellow Records ilivyoitoa Il tempo della semina mwaka 1992. Haikuwa peke yake. Albamu ya Buon Vecchio Charlie, bendi ya Roma iliyorekodi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoka 1990.

Sasa, hadithi ya namna hii tunapenda kuisimulia kambini, na wafanyakazi wa mashirika wanapenda zaidi. Subira yavuta heri, tunaambiana, jambo jema halizami. Mimi historia hii sioni ikisema hivyo. Subira haikuitoa albamu ile. Ilitoka kwa sababu kanda haikutupwa, kwa sababu kuna watu waliendelea kuulizia, na kwa sababu njia ya bei nafuu ilipatikana. Ungeondoa kimoja tu katika hivyo vitatu, leo nisingekuwa na cha kuandika. Halafu heri yenyewe ilikuja nusu. Hakuna CD iliyowarudishia vijana wale mwaka 1975, na majukwaa ambayo wangepanda wakati damu ikichemka.

Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu kanda za namna hiyo zipo. Kwaya niliyoimba ilirekodiwa na mradi fulani, siku mbili nzima, na vipaza sauti vizuri. Mradi uliisha, mashine zikaondoka na nyimbo zetu ndani yake. Hatujazisikia mpaka leo. Wawili kati ya waliotunga wamepelekwa nchi ya tatu, mmoja tumemzika.

Kwa hiyo neno langu kwa ndugu wa mashirika ni dogo: mkiturekodi, nakala moja ibaki kwetu kabla gari halijaondoka. Flashi moja inatosha. Na sisi wakazi tusingoje. Nyimbo, masimulizi ya wazee, daftari za mashairi, tuweke nakala kwenye nyumba tatu tofauti, na tuandike nani alitunga, nani aliimba, mwaka gani. Bendi ya Lecco ilipoteza kampuni yake, lakini majina yao yalibaki yameshikamana na kazi yao. Mtu akija kuulizia nyimbo zetu baada ya miaka 17, awe na jina la kuulizia.