Nyuzi Nyeusi za Mbinguni

Leo tutasoma habari za mahali peusi palipo katikati ya nyota.

Mwaka 1785 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza, aliandika juu ya mahali pa namna hiyo. Alidhani ni tundu tu, yaani hapana nyota.

Edward Emerson Barnard alizaliwa Marekani mwaka 1857, katika umaskini. Shuleni alisoma miezi 2 tu. Mama yake ndiye aliyemfundisha nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 9 aliajiriwa na mpiga picha. Ufundi huo ulimfaa baadaye, kwani alipiga picha za mbingu kwa darubini. Katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe, karibu na Kilimia, picha zilionyesha njia nyeusi, nyembamba na ndefu. Je, ni matundu? Barnard alisita miaka mingi. Mwaka 1919 alitoa orodha ya mahali peusi 182, na pengi aliona ni mawingu yanayoziba nyota za nyuma.

Mwaka 2009 nchi za Ulaya zilirusha angani darubini iliyopewa jina la Herschel. Mpaka mwaka 2013 ilipima joto hafifu la mawingu hayo, ikaonyesha kuwa hewa na vumbi vimejipanga kama nyuzi. Uzi ukizidi uzito hugawanyika mabonge. Bonge hujivuta ndani, hupata joto, na mwisho huwa nyota.

Basi palipodhaniwa kuwa patupu ndipo nyota zinapozaliwa.

Andikeni madaftarini: Barnard alijifunza ufundi gani utotoni? Ulimsaidiaje?