Tiba ya Familia kwa Njia ya Vikundi: Msaada kwa Mtoto Mwenye Matatizo ya Tabia

Tiba ya familia kwa njia ya vikundi ni utaratibu unaowakutanisha wazazi au walezi wa familia kadhaa, kwa kawaida mara moja kwa wiki, chini ya mwezeshaji aliyefunzwa. Lengo lake ni kuwasaidia kumwongoza mtoto mwenye ukaidi uliokithiri, ugomvi, wizi au utoro wa shule. Kinachorekebishwa kwanza ni namna mzazi anavyomjibu mtoto.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alieleza jinsi tatizo hilo linavyokua. Mzazi huamuru, mtoto hugoma, mzazi hufoka. Mmoja wao akichoka, hukubali kushindwa. Hivyo kila upande hujifunza kuwa ukali ndio unaoleta ushindi, na kesho ukali huongezeka.

Katika vikao, wazazi hujifunza kutenga muda wa kuzungumza na mtoto, kumsifu kwa jambo mahususi alilofanya vema, kutoa maagizo mafupi yanayoeleweka, kuweka kanuni chache za nyumbani na kutumia adhabu isiyo ya kipigo, kama vile kumwondolea kwa muda jambo analolipenda. Huigiza matukio ya nyumbani, hufanya mazoezi na kurejesha taarifa wiki inayofuata. Kikundi pia humpunguzia mzazi aibu ya kudhani kuwa ni yeye peke yake aliyeshindwa.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyojumuisha tafiti 13 za watoto wenye umri wa miaka 3 hadi 12, yalionesha kuwa vikundi hivyo hupunguza matatizo ya tabia na kuboresha afya ya akili ya wazazi katika muda mfupi. Kwa vijana, programu ya vikao 14 ilijaribiwa Eastern Cape, Afrika Kusini, kwa familia 552. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa walezi waliripoti kupungua kwa ukatili na viboko, na vijana waliripoti kupungua kwa matumizi ya vilevi, ingawa mwenendo wao kwa ujumla haukutofautiana na wa wenzao. Nchini Tanzania programu hiyo inafahamika kwa jina la Furaha Teens.

Uhitaji ni mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya Watanzania walipitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya ukatili, nao Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, uliozinduliwa mwaka 2016, ulihimiza elimu ya malezi kwa familia.

Mkazi wa Kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma, anayesumbuliwa na mwenendo wa mtoto anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii, au kupiga simu ya bure 116. Mtoto apimwe pia na mtaalamu wa afya, kwani usikivu hafifu au kifafa huweza kudhaniwa kuwa ukaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kumkunja huko kwahitaji subira, wala si fimbo.