Majina ya Shule za Bonde la Mto Ohio

Historia ya watu wa mashamba aghalabu haiandikwi na wenyewe. Hubaki katika madaftari ya kodi na juu ya mawe ya makaburi. Na mara nyingine hubaki mahali ambapo mwanachuoni hapatazami, yaani katika orodha ya timu za michezo. Insha hii yataka kuisoma orodha moja ya namna hiyo.

Kusini mashariki mwa jimbo la Indiana, nchini Marekani, upo umoja wa michezo wa shule za sekondari uitwao Ohio River Valley Conference. Wanaoshindana humo ni majirani. Zamani shule za mashamba za Indiana zilikuwa chini ya msimamizi wa kila tarafa, aliyechaguliwa na wakazi wake. Kwa hiyo hata kijiji chenye maduka machache kiliweza kuwa na shule ya sekondari, na timu yake ya mpira wa kikapu. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161 tu, ilitwaa ubingwa wa jimbo katika mashindano ya shule 751, ikiishinda Muncie Central kwa 32 dhidi ya 30.

Sifa hiyo ilikuja jua la shule za vijiji likikaribia kuchwa. Mwaka 1959 jimbo lilipitisha sheria ya kuunganisha mamlaka ndogo ndogo za shule. Sababu hazikuwa za michezo. Shule ndogo haikumudu maabara wala mwalimu wa kila somo, na basi lilikwisha kufupisha njia. Basi shule zikaunganishwa, na timu zikafa pamoja na majina yao.

Msomaji na ayatazame majina yaliyobaki katika umoja ule. Milan na Rising Sun ni majina ya miji. Switzerland County ni jina la wilaya nzima. Humo shule za Vevay na Patriot zimezama. South Ripley ni upande wa dira tu, maana jina la kijiji kimoja lingewaudhi wa vijiji vingine. Na Jac-Cen-Del ni vipande vya majina ya tarafa tatu, Jackson, Center na Delaware, vilivyoshonwa pamoja kama kiraka. Jina hilo halipendezi sikioni, lakini lina uadilifu: hakuna aliyemezwa pasipo kutajwa.

Je, sheria ilikosea? Sithubutu kusema hivyo. Mtoto wa mkulima alistahili maabara kama mtoto wa mjini. Lakini kijiji kilichopoteza shule kilipoteza pia mahali pekee ambapo wazee na vijana walikutana usiku wa baridi kwa jambo moja. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu za jimbo, kwa kuwa haikuwa na safu yake.

Mashindano ya pamoja ya wavulana, ambamo shule kubwa na ndogo zilikutana bila kutengwa, yalikoma mwaka 1997, shule zikiwa chini ya 400. Kisha zikagawanywa katika madaraja manne kwa idadi ya wanafunzi. Milan ingali na shule yake. Majirani zake wengi wamebakiwa na silabi moja, na wengine hata hiyo hawana.